Samaki huyu ametoka wapi? Uliza kabla hujalipa

Ijumaa jioni, Makutano, mjini Meru. Hela ya kibarua cha wiki nzima imeingia kwenye simu, marafiki wamefika, menyu iko mezani. Kati ya kuku wa kukaanga na pilau, hapo chini kabisa, kuna kitu kipya: kamba. Kamba wa baharini, si kamba ya kufungia mbuzi. Mmoja wenu anasema leo lazima ajaribu, apige picha, aweke statasi. Sawa kabisa. Pesa ni zenu.

Ila fanya hesabu kidogo kabla sahani haijafika. Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Nairobi hadi Meru kupitia Embu, ongeza nyingine zaidi ya 200. Huyo kamba amesafiri karibu kilomita 700 kabla ya kukutana na limau. Aligandishwa lini? Aliyeyuka mara ngapi njiani? Kuna mtu alizima friza usiku ili tokeni za stima zifike mwisho wa mwezi? Mhudumu hajui. Mpishi hajui. Na hapa ndipo shida yenyewe ilipo: hata afisa wa afya ya umma akija kesho asubuhi, baada ya nyinyi wanne kukesha mkipishana chooni, naye hana pa kuanzia. Hakuna karatasi. Hakuna jina. Kuna maganda tu kwenye pipa la taka.

Hatuandiki haya kukutisha uache samaki. Tunaandika kwa sababu miji yetu ya mlimani, Meru na Embu, imeanza kula vitu vya majini kwa kasi kuliko ilivyojifunza kuvisimamia. Na wanaouza, ukiangalia vizuri, wengi ni vijana kama wewe.

Tuanze na hao wa magamba, kamba, kaa, kome na chaza, maana wana somo ambalo wengine hawana. Chaza hakimbizi chakula. Anakaa pale pale kwenye mwamba au kwenye mzizi wa mkoko, anavuta maji, anayachuja, anabaki na kilichomo. Kama maji ni safi, anabaki na chakula chake. Kama kuna choo kinachomwaga juu kidogo ya hapo, anabaki na vijidudu vya choo, amevikusanya vizuri kama mtu anayeweka akiba. Wengine humla mbichi, na limau haliui vijidudu hivyo. Ndiyo maana nchi zinazouza chaza kwa wingi hazimkagui chaza peke yake, zinakagua maji anamoishi. Ulaya, kwa mfano, huyagawa maji hayo kwa madaraja: chaza wa daraja la juu kabisa, ambaye anaruhusiwa kwenda moja kwa moja sokoni, kwa kawaida hatakiwi kuzidi vijidudu 230 vya E. coli katika kila gramu 100 za nyama. Akizidi, lazima asafishwe kwanza kwenye maji safi, au ahamishwe, au apikwe kiwandani.

Marekani walijifunza kwa njia chungu. Kati ya mwaka 1924 na 1925 homa ya matumbo iliyotokana na chaza iliwashika watu wapatao 1,500 na kuua karibu 150. Biashara nzima ya chaza ilikaribia kufa, na ni wafanyabiashara wenyewe waliokuwa miongoni mwa waliotaka serikali iingie kati. Mpango wa usafi wa viumbe wa magamba ukaanza 1925. Moja ya mambo yaliyozaliwa na mpango huo ni dogo hadi linachekesha: lebo. Kila gunia la chaza linafungwa lebo inayosema nani amevuna, wapi, na siku gani. Mkahawa unaonunua gunia hilo haruhusiwi mtu kuitupa lebo chaza wakiisha. Inawekwa siku 90. Mtu akiugua wiki tatu baadaye, mkaguzi anafungua kisanduku, anasoma lebo, anajua ni ufuo gani wa kufunga.

Karatasi na kalamu. Hakuna maabara hapo, hakuna mashine ya mamilioni. Ishike hiyo, tutairudia.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu ukweli ni kwamba wengi wetu hatuli kamba. Tunakula tilapia wa kukaanga, omena wa kupimwa kwa kikombe, na ile mifupa yenye nyama kidogo ya mbuta iitwayo mgongo wazi. Muulize nyanya yako kule Imenti au Runyenjes kama alikula samaki akiwa msichana. Wengi watakucheka. Samaki alikuwa chakula cha watu wa ziwa na bahari. Huku kulikuwa na ndizi, njahi, mahindi, viazi, na mbuzi siku ya sherehe.

Mambo yalibadilika kwa njia kadhaa. Upande wa Mbeere, mabwawa ya umeme ya Mto Tana yalileta maji mengi mahali ambapo watu walizoea ukame: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Penye maji hapakosi samaki, na penye samaki hapakosi kijana mwenye wavu. Kisha mwaka 2009 serikali ikaja na mpango wa kufufua uchumi, na ndani yake kukawa na ufugaji wa samaki: vidimbwi 200 katika kila eneobunge, kwa maeneobunge 140, kila kidimbwi mita za mraba 300. Watu waliokuwa hawajawahi kushika samaki wakawa wafugaji wa samaki kwa mwaka mmoja. Kiwanda kidogo cha kusindika kikajengwa Kanyakine, Imenti Kusini, kimoja kati ya vinne vya aina hiyo nchini. Baadaye, mwaka 2018, ukaja mpango wa kuendeleza biashara ya ufugaji wa samaki unaofadhiliwa na shirika la IFAD, na Meru na Embu zote mbili zimo kati ya kaunti zake 15.

Kwa hivyo pesa zimeingia kwenye kufuga. Vifaranga vimegawiwa, vidimbwi vimechimbwa, watu wamefundishwa kulisha. Sasa fuata samaki mwenyewe akishatoka majini. Saa tisa usiku anavuliwa. Anawekwa kwenye gunia au ndoo. Anapanda bodaboda, halafu matatu, juu ya keria, pamoja na jua la Ishiara. Anafika sokoni Gakoromone au Embu mjini, anamwagwa juu ya meza ya mbao, ananyunyiziwa maji ya mtungi mmoja unaotumika tangu asubuhi. Kando yake yuko samaki wa Ziwa Victoria aliyepitia Nairobi, na kando ya huyo yuko tilapia wa kugandishwa kutoka Uchina. Jioni wote watatu wanaingia kwenye karai moja la mafuta. Wewe unaambiwa, "Huyu ni fresh, amefika leo." Pengine ni kweli. Amefika leo. Alitoka majini lini ndilo swali.

Samaki haharibiki kama nyama ya ng'ombe, anaharibika upesi zaidi. Akiwekwa barafu ya kutosha mara tu anapotolewa majini, tilapia anaweza kukaa zaidi ya wiki moja akiwa mzuri. Akiachwa kwenye joto letu la mchana, siku moja ni nyingi. Kanuni ambayo wataalamu wa nchi za joto hutumia ni rahisi kukumbuka: kilo moja ya samaki, kilo moja ya barafu. Na usijidanganye kwamba moto wa mafuta unarekebisha kila kitu. Kupika kunaua vijidudu vingi, ndiyo, lakini kuna sumu ambazo vijidudu huzitengeneza samaki akishaanza kuoza, hasa wa jamii ya jodari na dagaa, ambazo haziondoki hata ukimkaanga hadi awe kama mkaa. Uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Watu husema "nina mzio wa samaki". Mara nyingine si mzio, ni barafu iliyokosekana siku mbili zilizopita.

Sasa, usifikirie Kenya haijui kusimamia samaki. Inajua sana. Ila ilijifunza kwa ajili ya mdomo wa mtu mwingine.

Mwaka 1997 Uhispania na Italia zilikataa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya salmonela. Mwishoni mwa mwaka huo kipindupindu kilipozuka Afrika Mashariki, Jumuiya ya Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wabichi wa kutoka huku. Mwaka 1999 zikaja habari za wavuvi kumwaga dawa ya wadudu ziwani ili samaki waelee, mlango ukafungwa tena, na Kenya ikasubiri hadi mwishoni mwa 2000 kufunguliwa. Viwanda vilifungwa, watu walirudi nyumbani bila kazi. Ndipo kukaja mabadiliko: mialo ikawekewa sakafu ya saruji na maji, viwanda vikajengwa upya, wakaguzi wakafunzwa, maabara zikapewa kazi. Kanuni za usalama wa samaki zikaandikwa 2007, na sheria mpya ya uvuvi ikapitishwa 2016. Minofu ya mbuta inayoenda Ulaya inafuatiliwa kutoka mwaloni hadi ndani ya ndege.

Na kilichobaki baada ya minofu kukatwa? Mgongo wazi. Huo haukuhitaji cheti. Ulipakiwa kwenye lori, wakati mwingine bila barafu, ukaja kwetu. Mzungu wa Madrid alikula mnofu wenye karatasi tano. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu alikula mfupa usiokuwa na hata moja. Samaki ni yule yule mmoja! Sijawahi kusikia mtu akieleza vizuri kwa nini tumbo moja lichunguzwe na lingine liachiwe Mungu.

Katiba haikubaliani na mpango huo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata chakula cha kutosha na chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora na habari anazohitaji kuzihusu. Halafu Jedwali la Nne, ambalo vijana wengi hawajalifungua, linasema wazi kwamba kutoa leseni na kusimamia wanaouzia umma chakula ni kazi ya kaunti. Si ya Nairobi. Ni kazi ya Meru na ya Embu, tangu ugatuzi uanze 2013. Kwa hivyo ukitaka kujua nani wa kuulizwa, ofisi haiko mbali.

Najua unachofikiria. Unafikiria kanjo.

Na una haki. Tuseme una miaka 23, umemaliza kozi yako pale Nchiru au Embu, kazi haijapatikana, umekopa kidogo kwa dada yako na kununua karai, jiko na meza. Unataka kuuza samaki wa kukaanga karibu na stendi. Kwanza leseni ya biashara ya kaunti. Halafu leseni ya usafi wa chakula. Halafu cheti cha afya, kinachofanywa upya kila miezi sita, kwa kila mtu anayeshika chakula. Idara ya uvuvi nayo ina leseni yake ya mfanyabiashara wa samaki, na kibali cha kumsafirisha. Kila moja ina dirisha lake, foleni yake, na mtu wa kukuambia urudi Jumatatu. Ukishalipa zote, unarudi kwenye meza yako na unakuta mambo ni yale yale: hakuna maji ya mfereji, mtaro umeziba, choo cha soko kimefungwa kwa kufuli, na barafu hakuna popote mjini isipokuwa kwenye baa. Kisha anakuja mtu mwenye koti la kaunti anakwambia mahali pako ni pachafu.

Mimi mwenyewe nimewahi kukaa kwenye benchi moja, mahali ambapo sitapataja, nikisubiri hicho cheti cha afya. Aliyekuwa mbele yangu aliingia na kutoka na cheti baada ya dakika mbili. Hakubeba kikopo cha choo, hakutolewa damu, hakuulizwa kama anahara. Alilipa tu. Cheti chake kilikuwa na muhuri mzuri kuliko wangu. Tangu siku hiyo kila nikiona cheti kimetundikwa ukutani kwenye fremu, natazama kwanza kama kuna sabuni kwenye sinki.

Hayo yote ni ya kweli, na bado tunasema udhibiti unahitajika. Siyo kwa sababu tunapenda serikali, bali kwa sababu tumeona kinachotokea usipokuwepo. Mwaka 2004, katika mkoa wa zamani wa Mashariki, ule ambao makao yake makuu yalikuwa hapa hapa Embu, mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliwaugua watu 317 na kuua 125, wengi wao Makueni na Kitui. Mahindi yale yalikuwa yanauzwa madukani kama mahindi mengine yoyote. Novemba 2019 KEBS ikasimamisha aina tano za unga wa ugali kwa wakati mmoja kwa sababu ya sumu ile ile, miaka 15 baadaye. Na Julai mwaka huo huo wa 2019 watu wengi waliacha kununua nyama kwenye supamaketi, baada ya runinga kuonyesha jinsi dawa ya sodiamu metabisalfaiti ilivyokuwa ikitumiwa kuifanya nyama ya zamani ionekane nyekundu.

Dawa hiyo, kwa njia, ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa kihalali kwa kamba ili wasigeuke weusi. Viwango vya kimataifa vinairuhusu: isizidi miligramu 100 kwa kilo ya kamba mbichi, na iandikwe kwenye pakiti, kwa sababu mtu mwenye pumu anaweza kushindwa kupumua akiila. Kitu kimoja, matumizi mawili. Penye kipimo na maandishi ni teknolojia. Pasipo na kipimo wala maandishi ni mchezo wa bahati nasibu, na mwenye pumu hajui kwamba amenunua tiketi.

Angalia pia ni nani huumia skendo ikitokea. Wale wakubwa walitoa taarifa, wakarudi. Mama samaki ndiye hurudi nyumbani na karai tupu mwezi mzima kwa sababu ya kosa la mtu asiyemjua. Kijana mwenye kibanda kisafi hana njia ya kuthibitisha kwamba yake si kama ya jirani. Hiyo ndiyo bei ya kutokuwa na karatasi: mzuri na mbaya wanafanana.

Na usiniambie sisi watu wa huku hatuwezi kushughulikia kitu kinachoharibika haraka. Sisi? Nenda Maua mchana uone miraa ikifungwa. Kila kifungu kinajulikana kimetoka shamba la nani, kinafungwa kwa jani la mgomba kisikauke, kinapangwa kwa daraja, na gari linaondoka kama limetumwa na Ibilisi, kwa sababu kila mtu kwenye mnyororo ule anajua baada ya siku mbili thamani imekwenda. Hakuna aliyehitaji mhadhara. Au nenda kwenye kituo chochote cha maziwa Imenti alfajiri. Mkulima anafika na debe, karani anatumbukiza kipimo chake, maziwa yakiwa na maji au yameanza kuchacha yanakataliwa papo hapo, mbele ya majirani, na mkulima anarudi nayo. Aibu ile ni mkaguzi tosha. Kisha yanaingia kwenye tangi la kupoza kabla jua halijapanda. Jina la mkulima na lita zake zimeandikwa kitabuni.

Kwa nini maziwa ya Meru yana kitabu na samaki wa Meru hana? Nadhani jibu ni kwamba maziwa yana ushirika wenye nguvu na historia ndefu, na samaki alikuja na mradi. Mradi huhesabu vidimbwi. Ukimuuliza afisa wa mradi wamefanya nini atakwambia vidimbwi vingapi, vifaranga vingapi, wakulima wangapi wamefunzwa. Hakuna anayehesabu kilo za barafu.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu. Kaunti za Meru na Embu zianze na ile lebo. Kila gunia, kila kasha la samaki linaloingia soko la mji liwe na kikaratasi: bwawa au kidimbwi gani, nani amevua, tarehe na saa. Samaki wa ziwani na wa Uchina vilevile, na tarehe ya kugandishwa. Muuzaji akitundike mezani na akiweke siku 90, kama wenye chaza. Kijana wa leo ana simu. Kama anaweza kurekodi madeni ya wateja kwenye WhatsApp anaweza kupiga picha kikaratasi. Hili halihitaji muswada mpya. Bungeni kuna mjadala wa siku nyingi kuhusu kuratibu taasisi zote zinazosimamia chakula, na muswada wa 2023 ulilenga hilo, lakini soko la Gakoromone halina sababu ya kusubiri Nairobi wamalize kubishana ni idara gani inakaa kiti cha mbele.

La pili, na hili kaunti haitalipenda, ni kwamba ada ya leseni irudi mezani kwa muuzaji kabla ya askari kurudi. Huwezi kumshtaki mtu kwa kukosa maji mahali ambapo umekodisha wewe mwenyewe bila maji. Mashine ya barafu moja katika kila soko kuu, maji yanayotiririka, mtaro unaopita. Baada ya hapo mfungie meza anayeuza uozo, nasi tutakuwa wa kwanza kukupigia makofi. Na zile leseni zote ziwe dirisha moja, siku moja kwa wiki, ada inayolipwa kidogo kidogo kwa simu. Mtu anayeuza samaki kumi kwa siku asitozwe kama hoteli ya vitanda hamsini.

Kuna watakaosema lebo itadanganywa. Itadanganywa, ndiyo. Kuna mtu ataandika "Masinga, leo" juu ya samaki wa juzi. Lakini leo hahitaji hata kudanganya kwa maandishi, anadanganya kwa mdomo na upepo unapeperusha. Uwongo ulioandikwa una mwandiko, na mwandiko una mwenyewe.

Wengine watasema mwanafunzi mwenye mia moja mfukoni hajali karatasi, anajali bei. Hapo nakubali nusu. Barafu ina gharama, na samaki atapanda shilingi kadhaa. Lakini piga hesabu ya siku mbili bila kwenda kibarua, chumvi na sukari, dawa ya kliniki, na mtihani uliokosa. Samaki wa bei rahisi anaweza kukula wewe.

Mpaka siku hiyo ifike, una macho na pua. Samaki mbichi mwenye jicho lililobonyea na jeupe kama la mtu mwenye mtoto wa jicho, mwache. Fungua shavu: yafurufuru likiwa jekundu ni sawa, likiwa la kahawia na lina utelezi unaonuka, mwache. Mbonyeze kwa kidole. Nyama ya samaki mzuri inarudi, ya mbaya inabaki na shimo. Aliyekwisha kukaangwa ni mgumu kumjua, kwa hivyo muulize muuzaji alimnunua mbichi saa ngapi na kutoka kwa nani. Uliza kwa heshima: "Mathe, huyu ametoka wapi?" Si ugomvi. Mama samaki anayejua samaki wake atakueleza hadi jina la bwawa, na pengine la mvuvi. Anayekasirika, umeshapata jibu. Na kama wewe ndiye muuzaji, usingoje kaunti. Andika kikaratasi chako leo, ukitundike, uone wateja wataanza kukaa upande gani wa meza.

Kamba wa Makutano nao, kama mwenye hoteli ana risiti ya friza alikowatoa na tarehe kwenye pakiti, kula na upige picha zako. Kama hana, kuku yupo.

Halafu kuna jambo moja la mwisho, la tarehe. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kupitishwa kabla ya Juni 30. Katikati hapo lazima wananchi wasikizwe, na vikao hivyo huwa na wazee kumi, viti vitupu na chai. Kuingia ni bure. Ukifika, usitoe hotuba. Omba nakala, fungua sehemu ya masoko na ya uvuvi, na uwaulize barafu iko ukurasa gani.